Sabasaba ya Barua

Temeke tumejaliwa Sabasaba. Kila mwaka ikikaribia tarehe 7 Julai, viwanja vile vya barabara ya Kilwa vinafurika: wenye kununua, wenye kutazama, wenye kukusanya vipeperushi na mifuko ya bure, na wale walioingia kwa sababu jirani yao kaingia. Sina ugomvi na maonyesho. Pale getini angalau kuna mtu anakata tiketi. Ugomvi wangu ni na saba nyingine, zile tatu zinazopigwa mstari mmoja kwenye seva za watu, bila tiketi wala geti, kisha aliyezipiga anainuka, anajinyoosha mgongo na kutangaza: "Imekubali."

Nazungumzia chmod 777. Kama hujawahi kukutana nayo, shukuru Mungu, ila usiende mbali, maana huenda barua zako zimeshakutana nayo. Ni amri ya kompyuta za ukoo wa Unix, ukoo ulioanzia maabara za Bell kule Marekani, ambao leo mzao wake Linux ndiye aliyekaa kwenye seva nyingi za barua pepe. Amri yenyewe ni ya kale. Imo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha mwaka 1971. Iliwekwa ili mtu aweze kufungua na kufunga. Sisi tumeipokea nusu. Kufungua tunajua sana.

Chukua nyumba ya Uswahilini, ile ya korido katikati, vyumba kulia na kushoto, choo na karo uani. Kwa kila faili na kila folda, Unix inauliza maswali matatu: mwenye chumba aruhusiwe nini, wapangaji wenzake waruhusiwe nini, na wapita njia waruhusiwe nini? Jibu la kila swali ni tarakimu moja. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, na ruhusa ya tatu ni 1. Ukijumlisha zote unapata 7, yaani jisevie. Kwenye folda, ile 1 ni ruhusa ya kukanyaga korido. Usipokuwa nayo, hata ukijua nani yuko chumba cha nne, humfikii. Na kuandika kwenye folda, hapa ndipo wengi wanapopotea, hakuhusu kilichoandikwa ndani ya barua. Ni mamlaka juu ya korido nzima: kuingiza mpangaji mpya, kubandua jina mlangoni, kulitoa sanduku la mtu na kulitupa nje. Sanduku lako unaweza kulipiga kufuli kubwa uonavyo. Mwenye korido hahangaiki nalo, analibeba na kufuli lake mpaka jalalani.

Ndiyo maana folda ya /tmp, ambamo kila mtumiaji anaruhusiwa kuweka vitu, hupewa 1777 na si 777 kavu. Ile 1 ya mbele inasema: wekeni nyote, ila cha mtu asikiondoe mwingine. Walioitunga walikuwa wameshawahi kuishi na watu.

Sasa twende ofisini. Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha, si mbali na bandari, na jina lake nitaliacha pale lilipo. Seva yetu ni kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza, karibu na chupa za maji. Ndiyo inayopokea barua, ndiyo stoo ya nyaraka za makontena, ndiyo inayobeba tovuti ambayo bado ina picha ya bosi akiwa na nywele. Wafanyakazi karibu wote wana akaunti humo, wanaingia kwa ile programu ya WinSCP kuweka na kuchukua mafaili. Asubuhi moja barua za mhasibu zikagoma. Alikuwa anaziona, lakini kila akifuta moja inarudi. Kumbukumbu za seva zilikuwa zimeeleza kila kitu:

Permission denied (euid=1001 egid=1001 missing +w perm: /var/mail, dir owned by 0:8 mode=0775)

Watu wanaiogopa mistari ya namna hii, wakati hakuna mwingine anayewasemesha kwa uwazi hivyo ofisi nzima. Inasema: mtumiaji namba 1001 ametaka kuandika kwenye folda ya /var/mail, ndiyo korido ya masanduku ya barua, folda ni ya namba 0, yaani root, mtumiaji mkuu wa seva, kikundi chake ni namba 8, ambacho kwenye Debian, ile Linux ya seva yetu, ni kikundi cha mail, ruhusa ni 775, na huyu bwana si root wala hayumo kwenye kikundi. Imekutajia mgonjwa, ugonjwa na kitanda.

Utauliza, mtu anasoma barua zake, anataka kuandika nini koridoni? Kufuli. Kwenye mtindo wa zamani wa mbox, barua zako zote zinakaa ndani ya faili moja refu. Programu ikitaka kulibadilisha inaweka kwanza kifaili kidogo pembeni, chenye jina lilelile na mkia wa .lock, ili barua mpya isije ikaandikwa huku nyingine inafutwa, ukapata mseto wa ankara ya forodha na salamu za shangazi. Kifaili hicho kinawekwa palepale /var/mail. Dovecot, programu iliyokuwa inawagawia wafanyakazi barua zao, ina dawa ya mstari mmoja: mail_privileged_group = mail. Ukiuandika, programu inaazima kikundi kile kwa muda wa kuweka kufuli tu, kisha inakirudisha. Mtumiaji mwenyewe haongezewi chochote.

Nikaanza kueleza hayo. Kijana wetu wa kompyuta akanisikiliza kwa adabu ambayo vijana huwapa wazee wanaosimulia bei ya mkate enzi za Mwalimu.

"Anko, usijichoshe. Hii ni ya dakika moja."

Akavuta kibodi. chmod -R 777 /var/mail. Akabonyeza. Mhasibu akafuta barua, ikafutika. Bosi akatoka ofisini kwake, akauliza nani kaitengeneza, akaagiza soda ya baridi kwa ajili ya kijana na hela ya bando juu. Mimi niliyesimama na mstari wangu mmoja wa Dovecot nikaambiwa nipishe, mlango unataka kufungwa, kiyoyozi kinapoteza ubaridi.

Ile -R ndiyo inayoniuma zaidi. Maana yake ni kwamba usiishie kwenye folda, shuka na kilichomo ndani, chote. Kwa hiyo kila sanduku la barua ofisini likapewa saba tatu, pamoja na ile ruhusa ya 1, ambayo kwenye faili la kawaida maana yake ni kuliendesha kama programu. Sanduku la mhasibu lilikuwa limejaa barua za kamati za harusi. Sijui michango ya harusi ikiendeshwa kama programu inafanya nini. Nahisi inakata salio moja kwa moja.

Siku zikapita. Jioni moja mhasibu anatoka, mlinzi wa getini akamsimamisha kwa sauti ya msibani: "Dada, pole sana na mambo ya mkopo. Mungu atafungua mlango mwingine." Dada wa watu akashangaa. Mkopo aliuomba, ni kweli, ila jibu hakuwa amelipata. Akarudi juu, akafungua barua zake, akalikuta limeingia mchana: ombi lako halikufanikiwa. Getini lilifika kabla yake.

Njia lililopitia haikuhitaji utaalamu. Kijana wa mapokezi alikuwa kwenye WinSCP anatafuta nyaraka za kontena, akabonyeza kurudi juu, akabonyeza tena, akajikuta mbele ya folda iitwayo mail. Ndani mafaili yamejipanga kwa majina ya wafanyakazi. Akayafungua kwa Notepad. Ukimwambia amedukua anaweza kukushitaki, na anaweza kushinda. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umeshafunguliwa na mtu aliyenywea soda kwa kazi hiyo.

Nikaenda kwa bosi. Bosi wetu anaishi Mbezi Beach, nyuma ya ukuta wenye waya wa umeme, na ana kiwanja Bunju ambacho kwenye tofali za msingi ameandika kwa rangi nyekundu HAKIUZWI, MATAPELI MUWE MAKINI. Nilidhani tutaelewana upesi.

"Lakini barua si zinafanya kazi?"

"Zinafanya, mzee."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Nimeishi mji huu muda wa kutosha na bado sijapata jibu la swali hilo ambalo bosi atalimaliza kulisikiliza. Anayefungua anapewa soda papo hapo kwa sababu faida yake inaonekana papo hapo. Anayefunga hana cha kuonyesha. Atasimama na kusema, tazama, leo hakuna kilichotokea, na watu watamuuliza sasa analipwa kwa kazi gani.

Bosi hata hivyo akakubali aitwe mtaalamu wa pili, kutoka Kinondoni, mwenye begi la ngozi na vyeti. Nikafarijika. Jamaa akatazama, akaguna, akasema 777 ni aibu kwa taaluma. Akaiondoa. Folda akairudisha 2775, ambapo ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda. Mafaili akayarudisha 660. Mpaka hapo nilikuwa tayari kumpa binti yangu. Kisha, ili makufuli yawekeke, akawaingiza wafanyakazi wote kwenye kikundi cha mail.

Hesabu mwenyewe. Kwenye Debian, sanduku la kila mtu mmiliki wake ni yeye, na kikundi chake ni mail. 660 ni kwamba mwenyewe anasoma na kuandika, na kikundi kinasoma na kuandika. Kikundi ni nani? Ofisi nzima. Wapita njia amewapa sifuri, amewafungia kabisa, na wapita njia kwenye seva ile hawakuwepo. Umbea wetu haujawahi kutoka nje, unazaliwa na kulelewa ndani. Alilipwa mara nne ya kijana wa soda, akaondoka na bajaji, na mapokezi wakaendelea kusoma.

Ukiniuliza kwa nini jambo hili halimshtui mtu, nina shaka yangu. Watu wa rika langu wengi hatukuwa na sanduku la barua la kwetu. Barua ilikuja kwa S.L.P. ya shule, ya parokia, au ya kiwanda anachofanya kazi baba. Ilipokewa na karani, ikapita kwa mwalimu wa zamu, ikabebwa na mtoto wa jirani, ikalala juu ya redio ya mjumbe. Ikikufikia, bahasha ilikuwa imeshainuliwa juu ya taa mara kadhaa, na aliyeileta alikuwa ameshaanza kukupongeza. Tulizoea barua kuwa ya familia kwanza na ya mwenyewe baadaye. Ibara ya 16 ya Katiba inataja hifadhi ya mawasiliano binafsi, lakini jaribu kuitaja Ibara ya 16 mbele ya shangazi aliyeshika bahasha yako.

Na nisiwaandame mafundi wa seva peke yao. Ingia steshenari yoyote kuanzia Mwananyamala hadi Tegeta. Namba ya WhatsApp imebandikwa ukutani, unatuma kazi yako, dada anaishusha kwenye kompyuta, anachapa, unalipa, unaondoka. Kazi inabaki. Nimewahi kusubiri kwenye foleni nikisoma skrini kama mtu anayesoma ubao wa matangazo: CV MPYA, CV MPYA KABISA, BARUA YA KUACHA KAZI, nakala za vitambulisho vya NIDA pande zote mbili, matokeo ya kidato cha nne ya mtoto wa mtu, na faili moja lenye jina TALAKA RASIMU YA 3. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa ameinama kabisa, miwani usoni, anataka kujua rasimu ya tatu imebadilisha nini. Hapo hapakuhitajika amri yoyote. Nilipomshauri dada awe anafuta, akanitazama kwa huruma: "Baba, mteja akirudi kuomba nyingine?" Anayefuta naye ni mkorofi.

Nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Nilimchapishia bosi kurasa zinazohusika. Alizipokea vizuri, na kwa muda zilisaidia kuweka sawa meza inayotikisika.

Programu zenyewe zilianza kulalamika zamani kuliko mimi. Sendmail, mchukuzi mkongwe wa barua aliyeandikwa na Eric Allman, kuanzia toleo la 8.9 la mwaka 1998 iligoma kabisa kuamini mafaili yaliyokaa kwenye folda ambazo kila mtu anaweza kuandika. Toleo hilohilo likaja na swichi ya kuilegeza, na swichi hiyo kwenye mipangilio inaitwa DontBlameSendmail: fungua utakavyo, ila yakikufika, Sendmail usimtaje. Naipenda programu inayojua kukataa lawama mapema. SSH, mlango wa kuingilia seva ukiwa mbali, nayo ni hivyohivyo: acha folda yako ya nyumbani iandikike na kikundi, na ufunguo wako inaukataa, hata uwe wewe mwenyewe, hata uwe na haraka ya namna gani.

Bosi alibadilika siku mapokezi walipojua posho yake ya safari ya Dubai. Saa ileile nikaitwa, seva nikakabidhiwa, na nikaambiwa funga.

Kufunga hakukuchukua muda. Wafanyakazi wote nikawatoa kwenye kikundi cha mail, kikabaki kikundi kisicho na binadamu hata mmoja, kama inavyotakiwa. Nikauandika ule mstari wangu wa Dovecot niliokuwa nimeubeba tangu siku ya soda. Kuna mpangilio mwingine jirani yake, mail_access_groups, unaofanana nao kwa sura. Huo nikaupita mbali, maana unamwachia mtumiaji kikundi muda wote, na mtundu akitengeneza njia ya mkato kutoka kwenye folda yake kwenda /var/mail anaweza kufuta masanduku ya wenzake akiwa ameketi kwake. Dovecot wenyewe wanaonya hivyo ndani ya faili la mipangilio, mistari michache tu juu ya pale ambapo watu huandika bila kusoma.

Baada ya hapo nikawahamisha wote kwenda Maildir, mtindo wa Daniel Bernstein, yule aliyeandika qmail, mchukuzi mwingine wa barua. Huko kila barua ni faili lake, ndani ya folda tatu, new, cur na tmp, zilizoko nyumbani kwa mwenyewe. Hakuna faili moja refu la kugombania, hakuna .lock, kwa hiyo korido ya pamoja haihitajiki tena. Folda 700, barua 600. Mwenyewe saba, wengine wote sifuri na sifuri.

Uadui ulianza kabla ya chai ya saa nne. Kijana wa soda alisema nimeifunga seva kama benki, na hakuwa anasifia. Mapokezi waliniuliza kwa upole kama kuna mtu amenikosea. Mlinzi amenuna, salamu anaitikia kwa nyusi, kwa sababu tangu siku ile hana habari ya mtu yeyote na zamu za usiku zimekuwa ndefu. Mhasibu pekee ndiye aliyenishukuru, tena kwa kunong'ona, asionekane.

Kisha bosi akaniita tena, mlango ukafungwa.

"Umefanya vizuri. Sasa mimi nifungulie."

"Lako liko wazi, mzee. Ni lako."

"Si langu. Yao. Hiyo nyumba ya korido unayotuhubiria kila siku, mimi si ndiye mwenye nyumba?"

Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ana funguo za akiba, ndiyo root, na nyumba ikiungua anaingia. Lakini haingii chumbani kwa mpangaji saa tano usiku kutazama amekula nini. Akasema anataka barua za mhasibu tu, na za mapokezi kidogo. Nikasema ombi la namna hiyo litakuja kwa maandishi, lenye sababu, na nakala aione mwanasheria wa kampuni. Nilitegemea uvivu wa kuandika utamshinda.

Haukumshinda. Usiku uleule ameandika, kwa Kiswahili sanifu na herufi kubwa pale alipokasirika, akieleza nani anamshuku, kwa nini, na kwamba jambo hili libaki SIRI KATI YETU. Badala ya kuanza barua mpya, alichukua lile tangazo nililowatumia wafanyakazi wote kuhusu masanduku mapya na kujibu hapohapo, akabonyeza kujibu wote. Nimepitia kumbukumbu za seva asubuhi. La mhasibu ni 700. La mapokezi ni 700. Mlinzi tulimfungulia la kwake juzi tu, nalo ni 700. Barua ya siri imefika kote, salama kabisa, haikuchunguliwa na mtu njiani.